Nyumba ya Tofali Pale Mgongoni

Huku kwetu Titye, milimani Kasulu, mtu anayelala katika nyumba ya udongo na nyasi hahesabiwi kuwa ametulia, hata akiwa na ng'ombe zizini. Heshima iko kwenye tofali la kuchoma. Mchumba akitajwa, mama wa binti huuliza kwanza, "Kwao wamejenga kwa tofali?" Dini ya kijana huulizwa baadaye, na tabia yake mara nyingine haiulizwi kabisa. Ninalisema hili mapema kwa sababu habari ya Tharsisi Nsengimana haieleweki bila hilo. Wapo wanaomwita mjinga. Hakuwa mjinga. Alikwenda kufanya huko chini kile ambacho kila mmoja wetu hufanya huku juu na kusifiwa.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa vita, wakapewa na wenyeji kipande cha mteremko, wakalima, wakazeeka, na mwishowe wakapata uraia. Baba yao, mzee Nduwayezu, alipofariki aliacha mteremko uleule na watoto wawili wa kiume, Tharsisi na mdogo wake Nathaniel. Shamba lile lilitosha mtu mmoja mwenye watoto wachache. Kwa wawili lingekuwa bustani ya mchicha.

Tharsisi alikuwa fundi wa matofali. Alijifunza kazi ujanani huko Kibondo, kwenye ujenzi wa madarasa, na tanuri lake lilijulikana: tofali likitoka humo ukiligonga kwa kidole lilikuwa linalia kama sufuria. Watu wa chini, kutoka ziwani, waliokuja mnadani Kasulu walimsimulia kuhusu delta ya Malagarasi, pale mto unapogawanyika mikono mikono kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Walisema mpunga unaota bila mbolea na samaki wanaingia hadi kwenye majaruba. Akaamua kushuka, na kumwachia mdogo wake mteremko wote.

Kwetu shamba la ukoo hufungwa kwa pombe. Chungu cha pombe ya ndizi kiliwekwa uani, majirani wakaitwa kuwa mashahidi, mirija ikatumbukizwa. Tharsisi akavuta, akafuta mdomo, akasema mbele ya wote, "Nimetoka. Udongo huu ni wa Nathaniel." Nathaniel naye akavuta. Kisha majirani wote wakavuta, na kila aliyevuta akawa amebeba neno lile tumboni. Baada ya hapo hata mahakama ikikuambia vingine, kijiji hakitakusikia.

Kitongoji alichofikia kinaitwa Mgongoni, na ni mgongo kweli. Mto kwa miaka mingi ulimwaga tope lake kando mpaka ukajijengea tuta refu, juu kidogo ya maji, na watu wakapanda juu yake. Nyuma ya tuta yako majaruba ya mpunga, mbele yako maji. Nyumba zao zilikuwa za nguzo na matete, nyepesi, zenye sakafu iliyoinuliwa. Kila kiangazi kila kaya ilitoa watu wa kuchota tope kwenye kina cha mto na kulipandisha mgongoni, na kila baada ya miaka kadhaa nyumba iliyosogelewa na maji ilifunguliwa kamba zake, ikabebwa, ikafungwa upya nyuma zaidi. Mikuyu na mafunjo ndivyo vilivyoushika ule udongo usiende ziwani. Kuchimba mgongo wenyewe kulikuwa mwiko.

Tharsisi alipokanyaga pale aliona kitu kimoja tu: udongo mfinyanzi safi kuliko wowote aliowahi kuushika. Akachimba nyuma ya kiwanja chake, kama tunavyochimba sote, karibu na ujenzi ili usichoke kubeba. Akafyatua, akaanika, akakata mikuyu kwa ajili ya tanuri.

Mzee Saidi, aliyekuwa msimamizi wa mgongo, alimfuata siku hiyohiyo.

"Fundi, huko kwenu mlima ukichimbwa unabaki mlima," alimwambia. "Hapa mgongo ukichimbwa yanabaki maji."

"Mzee wangu, miaka yote mmeishi kwenye viota vya ndege. Ngojeni muone nyumba."

"Sawa, viota. Umewahi kuona ndege amezama?"

Watu walicheka, Tharsisi naye akacheka, akaendelea kuchimba. Nyumba ikasimama, ya vyumba vinne na bati, na ilipokamilika maneno ya Mzee Saidi yakaanza kupungua nguvu, hata kinywani mwake mwenyewe. Msikiti ulihitaji sakafu. Kanisa dogo la wakulima waliotoka milimani lilihitaji ngazi. Mwenye duka akataka ukuta. Wote walikwenda kwa fundi, na shimo la nyuma ya nyumba likawa bwawa, na mikuyu ikawa majivu. Hapa sitamwonea Tharsisi peke yake. Aliyekataza alipoanza kununua, katazo lilikufa, na kila mtu pale alijua limekufa.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Mwaka wa kwanza watu walisema ni mvua. Mwaka wa pili walisema litashuka. Halikushuka. Maji ya ziwa yalisimama mdomoni mwa mto, mto ukakosa pa kutokea, ukatafuta mahali dhaifu, ukapaona. Uliingia kwa shimo la Tharsisi. Wenye nyumba za matete walifungua kamba wakahamia nyuma. Nyumba ya tofali haifunguliwi kamba. Ilibaki palepale, imara, maji yakiwa madirishani, na familia yake ikatoka kwa mtumbwi.

Ndivyo Tharsisi alivyorudi Titye, akiwa na mkewe Theodosia, watoto wao wawili, binti yao Mpawenimana na mdogo wake, godoro moja na kibao cha kufyatulia matofali. Nathaniel aliwapokea vizuri. Aliwapa jiko la zamani lililoko nyuma ya nyumba yake, chumba kimoja chenye masizi ukutani, akasema, "Kaka, jisikieni nyumbani." Siku za kwanza walijisikia hivyo.

Lakini mgeni wa siku ni mgeni, na mgeni wa misimu ni mzigo. Claudine, mke wa Nathaniel na mama yake Dadi, hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke mwenye jiko lake, na sasa jiko lile lilikuwa na watu ndani. Akipita na kapu la maharage alisema kwa sauti ya kumwambia kuku, "Huku kuna watu wana nyumba ya vyumba vinne, lakini wanalala kwangu."

Theodosia alikuwa na ulimi pia. "Mama Dadi, ukitaka nikuazime vyumba viwili, sema. Vina samaki lakini."

"Samaki sina shida nao. Hao angalau hawaombi chumvi."

Wanawake hao wawili walicheka, kila mmoja akageukia kazi yake, na chumvi ile ikabaki kooni mwa Theodosia mpaka jioni.

Kiangazi kilipokuwa kinaelekea ukingoni, na majirani wakaanza kuchoma mabua mashambani, Tharsisi alimkabili mdogo wake. Hakutaka makubwa. Alitaka ukanda wa chini, kando ya kijito, apande maharage na asimamishe kibanda chake kabla ya mvua, ili watoto wajue mlango upi ni wao.

"Mwana wa mama," alisema, "nipe pale chini tu. Hata wewe hupalimi vizuri."

Nathaniel aliangalia vidole vyake vya miguu. "Kaka, mimi ningekupa leo. Lakini pombe ilinywewa."

"Wewe ndiye mwenye shamba. Ukisema tumefungua, nani atakataa?"

"Wale walioivuta. Wengine wamekwisha kufa, hao nani atawatapisha? Nikifungua hii, kesho watoto wa shangazi watakuja kufungua yao, na mpaka wa jirani yetu Ndayikunda utafunguliwa, na kijiji kizima kitakuwa kinatapika." Kisha akaongeza kwa upole, "Na wewe si mtu usiye na mahali. Una nyumba ya tofali."

Maneno hayo ya mwisho aliyapenda Nathaniel, na tangu hapo aliyasema popote. Kilabuni watu walipomwuliza inakuwaje mkubwa wake analala jikoni, alijibu, "Kaka ana nyumba yake chini, ya bati, vyumba vinne. Anasubiri maji yashuke." Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Na Tharsisi aliyekaa pembeni na mrija wake naye alitikisa kichwa, maana lile ndilo neno pekee lililokuwa linamfanya aonekane mtu. Ndugu wawili waliishi kwa nyumba moja iliyozama, kila mmoja kwa faida yake.

Alikwenda Kasulu pia. Aliambiwa kuna ofisi inayoshughulika na watu waliopoteza makazi, akavaa shati la kanisani, akapanda bodaboda mpaka barabarani na gari mpaka mjini. Alipokelewa na afisa kijana aitwaye Ghati, mtu wa Mara aliyehamishiwa huku, ambaye alimkalisha kwenye kiti kabla ya kumwuliza jambo, heshima ambayo si kila ofisi inayo.

"Mzee wangu, nyumba yako ilizama wapi?"

"Mgongoni. Kwenye delta."

"Hiyo si Kasulu. Ni wilaya nyingine ile."

"Lakini mimi ni mtu wa Titye, mwanangu."

"Titye hakuna mafuriko, mzee."

"Sasa nizame wapi ndiyo nipewe?"

Ghati alicheka, kisha akaona aibu ya kucheka. "Nenda kule ulikozamia, wakuandike wao."

"Nimekwenda. Walisema walioandikwa ni wale wanaolala shuleni na kwenye mahema. Mimi nina ndugu, kwa hiyo nina mahali. Huku ndugu anasema nina nyumba chini, kwa hiyo nina mahali. Naona nina mahali pengi kuliko watu wote."

Afisa yule hakuwa na uwezo wa kumpa kitu, na alikuwa na uadilifu wa kutomdanganya kwamba anao. Alimsindikiza hadi nje, akamwambia pole, na Tharsisi akarudi Titye akiwa na pole hiyo.

Mzee Saidi alifika Titye siku moja alasiri, mvua ya kwanza ikiwa bado haijaonekana. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na koti juu ya kanzu na mkoba wa samaki wa ziwani, migebuka iliyokaushwa, akitetemeka.

"Asalaam! Mnaishi kwenye friji nyinyi," alisema akipuliza viganja. "Sasa nimeelewa kwa nini huyu fundi alikuwa anapenda kukaa karibu na tanuri."

Watoto walimkimbilia. Claudine alipoona migebuka alimletea kiti kizuri, na Nathaniel akaagiza chai, maana mgeni alikuwa Mwislamu na chungu hakikumfaa. Walipokaa wote uani, Mzee Saidi hakuzunguka.

"Fundi, nimekuja kuomba nyumba."

"Unataka kukaa? Kaa. Ukiweza kuogelea mpaka chumbani."

"Nataka tuivunje."

Tharsisi aliweka kikombe chini. Mzee Saidi akaendelea, akiwa anamtazama machoni.

"Pengo la shimo lako limeshapita nyuma ya nyumba yako. Limekula mpunga wa jirani yako Rabia, limekula njia ya shule. Mvua hizi likifunguka tena, mto unakata mgongo vipande viwili, na sisi wote tunakuwa ziwa. Tumetia viroba vya tope, mto unavipasua kama maandazi. Kunatakiwa kitu kizito chini kabisa, ndipo tope lishike. Na kule unakujua, hakuna jiwe. Kitu kizito ni kimoja, nacho ni chako."

"Kwa hiyo mmekaa kikao mkasema, Tharsisi alichimba, Tharsisi azibe."

"Tumesema hivyo, ndiyo. Na tumesema Saidi alinunua. Sakafu ya msikiti nimeing'oa kwa mikono hii kabla sijapanda gari. Tunaswali kwenye mkeka juu ya udongo. Wenzako wa kanisani wameng'oa ngazi, sasa padri akija anaruka kama mbuzi. Nisingethubutu kuja hapa na mdomo mtupu."

"Mngevunja tu. Nani angewazuia? Mimi niko huku."

"Nyumba ya mtu haivunjwi hayupo. Hata ikiwa imezama."

Claudine alishindwa kuvumilia. "Mzee, samahani, mimi ni mwanamke tu hapa. Akivunja, hawa watalala wapi? Jikoni kwangu mpaka Yesu arudi?"

"Anayebeba tope ana kiwanja," Mzee Saidi alijibu. "Ndiyo sheria yetu. Atapewa nyuma, tutamfungia nyumba ya matete kama zetu. Ila sharti lake analijua. Kubeba kila kiangazi, na mto ukijaa hakuna kuondoka, hata kwa msiba. Na asiyeonekana misimu miwili, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Fundi ameshakosa mmoja."

Kila mtu pale alielewa alichokuwa anaambiwa. Mgongo ule hauna mwenyewe mwingine ila wanaoubeba. Mwenye kuukubali ameukubali mpaka mwisho wa nguvu zake, na baada yake watoto wake, maana ziwa halijasema litasimama wapi. Hilo si shamba. Ni kifungo ambacho ndani yake mtu anaweza kulima.

Nathaniel alimgeukia kaka yake haraka. "Usikubali, kaka. Usikubali kabisa. Nyumba ya tofali! Jasho lako lote! Mtu mwenye nyumba ana pa kurudi. Maji yatashuka, utaona. Ukiivunja utakuwa nani?"

Alisema kwa uchungu wa kweli, na ndiyo maana Tharsisi alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kile ambacho kijiji kizima kilikuwa kimekiona. Nyumba ile ilikuwa imemzibia njia. Ikiwa imesimama, mdogo wake alikuwa na jibu. Ikiwa imesimama, na yeye mwenyewe alikuwa na kisingizio cha kukaa jikoni akisubiri.

"Nathaniel," alisema, "nikiivunja sitakuwa na mahali popote. Hilo tumekubaliana?"

"Ndiyo nasema usivunje."

"Ngoja. Nikiwa sina mahali popote, utanipa pale kando ya kijito?"

Kuku walikuwa wanaparua majani. Claudine alimtazama mumewe, na inaelekea hata yeye alitaka asikie. Nathaniel alitazama mlango wa jirani, kana kwamba wale mashahidi wa pombe wamesimama pale wakimsubiri.

"Pombe ilinywewa, kaka," alisema kwa sauti ndogo.

Hakuvunja mila hata moja mtu yule. Wakatili wengi wa vijijini mwetu ndivyo walivyo. Hawaibi, hawapigi, wanalipa michango. Wanashika desturi kwa mikono miwili, na kwa sababu mikono yote imeshika desturi, hakuna uliobaki wa kumshika ndugu anayeanguka. Desturi ile iliwekwa ili wenye shamba wasigombane. Haikuwekwa ili mtu alale kwenye masizi wakati kando ya kijito panaota magugu. Ila Nathaniel alitaka ukanda ule kwa ajili ya mwanawe Dadi, na pombe ilimpa njia ya kuutaka bila kusema.

Theodosia, ambaye hadi hapo alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, alizungumza.

"Baba Mpawe, mimi sikwambii kule ni kuzuri. Nimebeba lile tope, kucha zangu zinalijua. Mbu wa kule ukiwapa kiti wanakaa. Na tukirudi hatutoki tena, nimemsikia mzee. Lakini hapa pia hatutoki. Tofauti ni kwamba hapa nikifagia, nafagia kwa mtu."

"Na nyumba?"

"Nyumba gani? Ile ya kambare?"

Mzee Saidi aliangalia pembeni ili asicheke. Tharsisi hakucheka. Aliinama, akaokota kijiti, akachora kitu ardhini, akakifuta kwa wayo. Hatimaye akasema, "Mzee, nipe kesho nikatafute nyundo. Kuta zile sikuzijenga za mchezo."

Nathaniel aliwasindikiza hadi barabarani akiwa amebeba godoro kichwani, na gari lilipokuja alimpa shemeji yake mfuko wa mbegu za maharage. Theodosia aliupokea kwa mikono miwili na kushukuru kama inavyotakiwa. Alijua kule maharage hayastahimili maji. Nathaniel naye alijua.

Kule chini Tharsisi hakuruhusu mtu mwingine aanze. Alipanda mwenyewe, akatoa bati, akapiga nyundo ya kwanza juu ya dirisha la chumba cha mbele. Alikuwa amejengea kwa udongo, bila saruji, kwa hiyo matofali yalitoka mazima, mekundu, yenye alama ya maji usawa wa kifua. Wanaume walipanga mstari majini, kutoka mlangoni hadi kwenye pengo. Wanawake waliyafunga matofali ndani ya nyavu kuukuu, mafungu mazito, na yakashushwa majini kwa kamba. Fungu la kwanza lilizama na kukaa. Mzee Saidi aliyetumbukiza mguu kulipima alipaza sauti, "Limekaa! Ulichoma vizuri mno, fundi. Kasoro yako ni mahali tu."

"Kasoro yangu ni mteja mmoja aliyekuwa na msikiti," Tharsisi alijibu, na hapo watu walicheka, na yeye pia.

Ilipofika zamu ya chumba cha kulala, Theodosia aliondoka akaenda kuteka maji. Hakuna aliyemwuliza kwa nini, ingawa maji yalikuwa yamewazunguka pande zote.

Juu ya matofali liliwekwa tope, juu ya tope mafunjo yenye mizizi yao, na kando yake vipandikizi vya mkuyu ambavyo Tharsisi alipewa avitunze yeye, na ni kazi ya miaka. Pale ilipokuwa nyumba pakawa pamesawazishwa, hata mgeni asingejua. Nyuma, mbali na mto, walimfungia nyumba ya nguzo na matete. Alipoingia ndani kwa mara ya kwanza aligusa ukuta, nao ukacheza mkononi mwake. Alikaa chini akiwa ameegemea nguzo, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, fundi wa matofali, mpaka chakula kilipoiva.

Mvua zilianza. Mto ulipanda, ziwa likausukuma, na sheria ya kutoondoka ikaanza kufanya kazi. Habari ilikuja kwamba shangazi yao amefariki huko Kasanda. Tharsisi alituma salamu za pole kwa simu na kubaki alipo. Ndugu walisema amekuwa mtu wa maji, amesahau watu wake. Hakujitetea. Ungejiteteaje kwa watu ambao miguu yao iko pakavu?

Asubuhi moja alikuwa anakagua mgongo, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, na alipofika kwenye lile pengo lililozibwa alihisi ubaridi kwenye kisigino. Alichuchumaa. Upande wa ndani, chini ya mafunjo, udongo ulikuwa unatoa jasho. Hayakuwa maji ya kutiririka. Ulikuwa unyevu tu, wenye upana wa mkeka, unaong'aa. Aliuwekea kiganja, akakiinua, na alama ya kiganja ikajaa maji polepole.

Aliita. Watu walikuja na makarai, Mzee Saidi akiwa wa mwisho kwa sababu ya goti. Aliangalia, akasema, "Bado limeshika. Tuongeze," na wakaingia mtoni hadi kiunoni na kuanza kuchota. Theodosia alikuwa kwenye mstari, kanga imefungwa kiunoni, karai likipita kutoka kwake kwenda kwa Rabia. Wakati huo simu ya Tharsisi, iliyoning'inizwa kwenye tawi ndani ya mfuko wa nailoni, iliita. Alitoka, akafuta mkono kifuani, akapokea. Alikuwa Nathaniel.

"Kaka, nilitaka tu kukusalimu. Huku mvua! Tangu juzi haijakatika, kijito kimefika shambani. Mwaka huu tutavuna mpaka tuchoke."

"Hongereni," Tharsisi alisema. "Nisalimie Mama Dadi."

Aliirudisha simu kwenye tawi. Mvua ikinyesha milimani maji huchukua siku kadhaa kuteremka mpaka deltani, kwa hiyo maji ya mvua ile ya Titye yalikuwa bado njiani. Aliwaambia wenzake. Mstari uliongeza mwendo. Akaingia tena mtoni, akainama, akachota.